Meno ya Namsifu Hayakuwa Machafu

Mama mpendwa,

Namsifu hakung'olewa meno. Naanza na hilo kwa sababu najua ungenikatiza salamu uniulize hilo kwanza. Meno yake mawili ya mbele yapo kinywani, ni yake mwenyewe, na Jumanne alicheka pale stendi ya Same huku mikono yote miwili imeshika kikapu. Usiku huo niliandika katika shajara: "N. amecheka bila kuziba mdomo." Nikaona mstari mmoja hautoshi, ndiyo maana nakuandikia.

Shajara unaikumbuka. Uliiita daftari la kesi, ukisema kazi yake ni kuandika makosa ya watu. Leo nimeifungua ya mwaka ule nilipomaliza sekondari na kuanza ukarani Same. Nilipanda nyumbani Vudee Jumamosi nikamkuta mdogo wangu Namsifu ameota meno mapya ya mbele, yana madoa ya kahawia kama yamelowekwa chai. Mimi na ndugu zangu wakubwa hatukuwa na meno ya namna hiyo. Nikakwambia mbele ya shangazi, "Mama, huyu mtoto humsafishi meno."

 Ulisema tu, "Kula, chakula kinapoa."

Asubuhi yake ulimpeleka mferejini, ukamsugua kwa mswaki wa mti na majivu. Ukafanya hivyo kila siku, mwaka baada ya mwaka. Kila nikija likizo nilikusikia kutoka ndani: "Achama. Achama vizuri. Kaka yako amesoma." Fizi zilitoka damu, madoa hayakutoka. Ukatutoka ukiamini kwamba ulimwacha mwanao mchafu, na maneno hayo niliyatia mimi moyoni mwako.

Mwaka huu Namsifu amechaguliwa kwenda kidato cha kwanza. Badala ya kufurahi, alikaa jikoni analia. Shangazi akaamua: "Yang'olewe mawili hayo, awekewe ya kuvaa. Huko bwenini watamcheka hadi aache shule." Niliona asemalo ni kweli. Tuliteremka Same sisi watatu kwa lori la mazao, na njiani Namsifu aliniomba jambo moja tu: "Kaka, mwambie anipige sindano mbili."

Mganga wa meno ni mtu wa Tabora, mpole, ana miwani. Alimkalisha Namsifu karibu na dirisha, akamkausha meno kwa pamba, akatazama kwa muda mrefu. Kisha akauliza, "Nani amemsugua mtoto huyu hivi? Fizi zimeliwa na mswaki."

Nilitazama viatu vyangu.

"Meno ni machafu, bwana mganga," shangazi akasema.

"Si machafu, mama. Ni mazima kuliko yangu. Doa limo ndani ya gamba la jino. Liliingia jino likiwa bado chini ya fizi, mtoto hajafika hata miaka minne. Hapo ungesugua hadi mwisho wa dunia."

Mama, nilimwomba aseme tena. Alisema tena, nami nikaandika pale pale.

Hakung'oa, wala hakutoboa. Alimpaka fizi mafuta ya mgando, akazungushia meno kipande cha mpira chembamba ili dawa isiguse nyama. Akachanganya asidi kidogo sana na unga laini wa jiwe, akachukua kwa ncha ya kijiti, akasugua kwa sekunde chache tu, akaosha kwa maji mengi, akatazama. Akarudia. Alisema anaondoa tabaka la juu tu lenye doa, jembamba kuliko karatasi, na jino lenyewe analiacha.

Shangazi akachangamka. "Kumbe asidi! Basi si hata ndimu za nyumbani zinatosha?"

"Thubutu!" mganga akasema. "Ukimpaka ndimu nyumbani utayamaliza, na hapo ndipo utaniletea ya kung'oa."

Tulirudi mara mbili. Jumanne ndiyo ilikuwa ya mwisho. Kahawia imetoka. Vimebaki vidoa vyeupe, hafifu, ambavyo mtu asiyejua hataviona. Namsifu alishika kioo cha mganga akakitazama, akakigeuza, akakitazama tena, mpaka mganga akamwuliza kama anataka kukinunua.

Sasa nifike panapouma kidogo. Mganga aliuliza tunapikaje makande. Shangazi akasema kama kila mtu: kwa magadi, maharage yaive upesi. Mganga akasema hana hakika, lakini ameona watoto wengi wenye madoa haya wametoka kwenye nyumba za magadi, na anadhani mtoto mdogo akiyala kila siku, meno yanayojijenga yanaharibika.

Mama, magadi yale nani aliyaleta? Zamani ulipika bila magadi, kuni zilikuwa tele. Nilipokwenda kusoma shule ya kati huko Same, Namsifu akiwa mgongoni kwako, ndipo nilipoanza kukupandishia magadi ya sokoni kila likizo, bonge zuri jeupe limefungwa gazetini. Ulifurahi. Uliwaambia majirani, "Mwanangu ananikumbuka." Hukujua, nami sikujua. Lakini nililiandika katika shajara kama wema wangu, na hapo hapo chini, leo, nimeandika sahihisho.

Nilimweleza Namsifu. Alinitazama, kisha akaangua kicheko. "Kumbe ni wewe, kaka! Na mama akasuguliwa moyo bure!"

Jana Jumamosi tulipanda Vudee. Shangazi amepika makande bila magadi, maharage yamelowekwa tangu juzi, na bado analalamika kwamba kuni zitamwishia. Kabla ya kula, Namsifu alikwenda peke yake migombani, penye kaburi lako. Nilimfuata kwa mbali. Alisimama, akainama kidogo, akaachama wazi kabisa, kama alivyokuwa akikuachamia mferejini.

"Shikamoo mama," akasema. "Tazama."

Nami nimekuja kusema langu: ulimsafisha. Siku zote ulimsafisha. Pumzika sasa, mama yangu. Kesi imefutwa daftarini.

Mwanao,
aliyeleta magadi