Tembe la Baba Katika Fremu Tano

Alhamisi. Tangu asubuhi mawingu yamesimama juu ya mtaa wetu wa Nkuhungu bila kudondosha kitu. Upepo unaleta harufu ya udongo uliolowa mahali pengine. Huenda ni Kongwa.

Ndiyo maana sijatulia.

Dada yangu Yudithi bado analala katika tembe la baba, nyumba yetu ya zamani ya udongo, huko Kongwa. Paa la udongo limebonyea. Mvua kubwa ya kwanza italiangusha. Nyumba ya matofali aliyojengewa na binti yake, Neema, iko hatua chache tu, na kitanda kimetandikwa. Hataki. Anasema akitoka, hakuna atakayekumbuka kwamba watu waliishi humo.

Nilimwahidi kulihifadhi tembe lote kwenye mtandao, chumba kwa chumba. Alikubali kuhama siku atakapoliona.

Nilijifunza fremu katika kitabu cha zamani cha HTML, lugha ya kuandikia kurasa za mtandao. Wajuzi wanasema zimepitwa na wakati. Tembe pia limepitwa. Ninazipenda kwa adabu yake: faili moja halina maneno, kazi yake ni kuligawa dirisha la kompyuta kama kuta, kisha kila sehemu hupewa jina na ukurasa wake. Juzi nilisahau kutaja jina la fremu katika viungo, ile milango ya kufungulia kurasa. Kila chumba nilichokigusa kikafunguka ndani ya ukanda mwembamba wa orodha ya vyumba, na milango yote ikapotea. Nilisahihisha, nikajiona hodari.

Leo saa nne Neema alimwonyesha mama yake kwenye kompyuta, nami nikasikiliza kwa simu. Kushoto orodha ya vyumba, kulia picha, na zizi chini kabisa, kwenye kipande kilichobaki.

"Shikamoo, dada. Umeonaje?"

"Marahaba. Mwalimu, ng'ombe umewalaza nje?"

"Ni picha, dada."

"Na fisi atajua kwamba ni picha? Hili si tembe, mdogo wangu, ni rafu za duka. Neema, zima."

Neema alicheka. Mimi sikucheka.

Nimesahihisha madaftari ya watoto wa watu maisha yangu yote, nikaikosea nyumba niliyozaliwa.

Nilifumba macho kwenye kiti. Nikawa tena mtoto aliyelala juu ya ngozi, ukuta mmoja tu kutoka kwa ng'ombe, nikisikia pumzi zao hadi sikujua ipi ni yao na ipi ni yangu. Kila mlango ulitazama zizi. Nilisahauje?

Nikaanza upya. Dirisha nililigawa safu tatu, na safu ya kati nikaigawa sehemu tatu. Kushoto chumba cha mama, kulia cha baba, juu ghala, chini lango. Katikati zizi. Ukigusa chumba, habari zake hufunguka hapo hapo kilipo. Zizi halisogei.

Saa kumi Neema alipiga simu, kazi mpya ikiwa mbele ya mama yake. Mama yake aliweka kidole katikati ya kioo, akawataja ng'ombe kwa majina, mmoja mmoja.

"Wameingia wote," alisema. Kisha akaagiza kigoda chake kipelekwe nyumba mpya, naye akakifuata.

Radi inanguruma upande wa mashariki. Kesho na inyeshe ikitaka.