Mate ya Barke Kwenye Barafu

Shika Adabu, Likoni
28 Oktoba 1991

Kwa dada yangu mpenzi Mwanatabu,

Shikamoo. Natumai barua hii itakukuta u mzima huko Shanzu, na watoto wote. Shemeji vipi, goti limepoa? Huku twashukuru Mungu, ila mimi sina raha, na sababu nitakueleza.

Wajua mke wangu Barke hufundisha michezo shuleni. Mwezi wa saba alikuja kijana wa chuo kikuu, Elkana, mtu wa bara, kuchunguza mate ya walimu wachezao netiboli. Walitema kwenye kichupa kabla ya kukimbia, wakatema tena walipomaliza. Basi Barke akirudi hana hadithi nyingine. Eti mtu akitulia mate yake huwa mengi na mepesi. Akikimbia kwa nguvu hupungua, yakawa mazito, chumvi na protini zikazidi. Eti hata kinga ya maradhi iliyomo mateni hubadilika, ndiyo maana anayejichosha kupita kiasi hushikwa na mafua upesi. Kila neno ni Elkana kasema. Nikimtaka mazungumzo mengine, hujibu kinywa kimemkauka.

Niliona wivu, dada, sikufichi. Mimi fundi cherehani, kutwa nimekaa. Suruali aliyovaa akikimbia nilimshonea mimi. Halafu mate ya mke wangu yafunikwe, yaandikwe jina, yalazwe kwenye barafu kama nguru wa harusi. Bibi alitukanya tusiteme mate mbele ya mtu tusiyemjua, asije akayafanyia jambo. Huyu wangu ayakabidhi mwenyewe, tena kwa mwanamume.

Siku moja nikafunga cherehani, nikaenda uwanjani kumwambia Elkana anipime na mimi. Hakubisha. Akanipa kichupa, akaniambia nikae nitulie kwanza. Nilijitahidi, wallahi, halikutoka hata tone. Akasema kwa upole kwamba hasira nayo hukausha kinywa, nisijali. Walimu wakaangua kicheko, na Barke ndiye aliyecheka kuliko wote.

Sasa nakwambia nililokuficha. Nilipokutumia salamu kwamba Barke yuko Junda akimuuguza mamake, nilisema uongo. Tulipotoka uwanjani siku ile nilimpa talaka moja. Hakuwa na kosa lolote. Elkana amekwisha rudi Nairobi na vichupa vyake, na hajamwandikia hata salamu. Najua, kwa sababu nimeulizia.

Eda yakaribia kwisha. Sheikh ameniambia naweza kumrejea kwa neno langu tu, hata asipopenda. Sitaki aje hivyo. Tafadhali nenda Junda, wewe mwenyewe, umuulize kama ataka kurudi. Akikataa usimbembeleze, niletee jibu lake lilivyo. Lakini kama yuko mwanamume anayengoja eda iishe, dada, jina lake usinitajie.

Nisalimie shemeji, na watoto uwabusu mmoja mmoja. Nangoja jibu lako.

Ni mimi nduguyo,
Mwidani