Tangazo la Kupulizia Mikorosho

Alhamisi, 7 Agosti 2025

Nimekuja kijiji hiki, nje kidogo ya Kibiti, kuandika kuhusu sheria ndogo ya nyuki. Ukurasa mmoja, mlangoni mwa ofisi. Mikorosho yenye maua isipuliziwe dawa kabla ya alasiri. Wenye mizinga watangaziwe siku moja kabla, waizibe. Badru, mtendaji wa kijiji, anajivuna – vijiji vingine vije kujifunza.

Nalala gesti, nakula kwa Bi Mwanaamina. Mjane. Mizinga kumi na mmoja, mpakani na mikorosho ya Mfaume. Kakataa picha: "Na ndala hizi? Subiri nivune, nivae viatu."

Ijumaa, 8 Agosti

Baada ya swala, mwenyekiti Shaban kasimama msikitini. Kesho Mfaume anapulizia, wenye nyuki wazibe. Mfaume kadakia: "Asiyeziba asije kunililia!" Kicheko. Nimeandika neno kwa neno. Sheria inafanya kazi – aya ya kwanza hiyo.

Mchana wali na kambamiti kwa Bi Mwanaamina. Tumezungumzia mafuriko ya mwaka jana.

Jumamosi, 9 Agosti

Mfaume kawasha mashine saa kumi na dakika tano. Alasiri ilishaswaliwa. Nimepiga picha.

Jumapili, 10 Agosti

Nyuki wamelala chini kama pumba. Bi Mwanaamina alipita mzinga kwa mzinga, anagonga kwa kidole, anatega sikio. Tisa kimya. Miwili inavuma kidogo.

Hakulia. Alimuuliza Shaban walitangaza wapi. Msikitini, Ijumaa, kama kawaida.

"Na mimi Ijumaa naswali wapi, Shaban?"

Nyumbani. Wanawake wote hapa huswali nyumbani.

Nikaomba orodha ya wenye mizinga. Saba: Bi Mwanaamina, Biasha, Subira, Mwamini, Sihaba, Salama – na mzee mmoja asiyetoka kitandani. Orodha ipo ofisini tangu sheria ipite. Hakuna aliyeisoma. Hata mimi.

Jumatatu, 11 Agosti

Kikao ofisini. Mfaume: amefuata sheria, saa na dakika, mwandishi ana picha. Kweli. Badru: tangazo huletwa nyumbani na wanaume.

"Kwake mwanamume hayupo," Mfaume akasema.

"Alikuwepo," akasema Bi Mwanaamina. Hakunitazama. "Alitoka msikitini, akaja kwangu, akala wali. Akaongeza."

Badru akanigeukia. "Mwandishi, tangazo ulilisikia?"

Adhana ya adhuhuri ikaniokoa. Wakirudi, nijibu. Nikisema ndiyo, wataandika kwamba alitangaziwa, faili lifungwe. Nikisema sikusikia – daftari hili hapa, Ijumaa, neno kwa neno.

Wanaume wameenda kuswali. Sikwenda. Bi Mwanaamina kaketi benchi hilohilo, upande wa pili. Anauliza naandika nini.