Kadi ya Mama Haitoki

Mpendwa Shangazi Wacera,

Nakuandikia nikiomba msaada, na naomba pia usitaje jina langu, kwa sababu Baba husoma safu yako kila Jumamosi, tena kwa sauti, na huwacheka wanaokuandikia, halafu akimaliza kucheka husema, "Lakini huyu mama ana akili." Mimi ndiye hutumwa asubuhi kununua gazeti karibu na Soko la Burma, na huisoma safu yako nikitembea kurudi nyumbani, kwa hiyo jibu lako nitaliona kabla yake.

Mimi ni msichana wa kidato cha tatu, naishi Kaloleni na Baba na kaka yangu Andati. Mimi si mtu wa maneno. Mwalimu wetu wa Kiswahili husema kwamba naandika kama redio na kuongea kama ukuta.

Shida yangu ni kompyuta. Ilikuwa ya Mama, ambaye alikuwa karani mpiga chapa katika ofisi moja ya Industrial Area, na ofisi iliponunua mashine mpya mwaka wa 1992 wakampa hiyo ya zamani, na siku aliyoileta kwa mkokoteni, imefunikwa blanketi kama mgonjwa, watoto wa mtaa mzima waliifuata hadi mlangoni wakidhani ni televisheni, na walipoona haionyeshi mpira wakatawanyika. Skrini yake haina rangi. Ni nyeusi na herufi zake ni za machungwa, lakini kwa mashine hiyo Mama alichapa kadi za harusi, kadi za mchango na programu za mazishi za nusu ya Kaloleni. Kwetu hilo neno kadi lilitajwa kuliko neno chakula. "Msikimbie, kuna kadi mezani." "Osheni mikono kwanza, mtachafua kadi." Nikitoka shule nilikuwa nikikaa kando yake kwenye kigoda, nikimsomea majina kutoka kwa karatasi walizoleta watu, naye akichapa bila kuangalia vidole, na mwangaza wa skrini ukimpiga usoni hadi ungedhani ameketi mbele ya jiko la makaa. Nikikosea jina alisema, "Rudia, mwanangu, jina la mtu si mchezo."

Mama alifariki miaka miwili iliyopita. Kadi yake ya mwisho ilikuwa ya kualika watu kwenye ibada ya shukrani, yeye na Baba walipokuwa wakikaribia kutimiza miaka ishirini ya ndoa, na alitoa moja tu ya kujaribu, utepe wa wino wa printa ukaisha kabla ya mstari wa mwisho, na kabla hajapata mwingine akalazwa hospitali. Baba aliitia kioo akaitundika ukutani, juu ya kompyuta. Huo mstari wa mwisho ni alama tu kwenye karatasi, hausomeki hata ukiweka pua hapo, na Baba nimemwona akiiweka.

Baada ya hapo watu wachache waliendelea kuja na mimi nikawachapia, kwa maana kazi naijua, mpaka Bi Khavere wa kwaya alipokuja kuhusu harusi ya mwanawe, akaishika kadi niliyomtengenezea, akaigeuza nyuma na mbele, akasema kwa upole, "Ni safi, mwanangu, lakini siku hizi kadi nyeusi hivi ni za matanga. Watu wanataka maua mekundu." Akaenda kutengenezewa mjini, na tangu Januari hakuna mtu mwingine aliyebisha mlango wetu kwa ajili ya kadi. Nyumba imenyamaza, Shangazi. Hata kigoda changu Andati sasa anakitumia kufungia viatu.

Mwalimu Matheka wa chama cha kompyuta shuleni alinipa disketi yenye programu ya kuchora kadi, ina maua na herufi za kila namna, lakini mashine ya Mama ikaikataa, ikaandika kwamba haina rangi. Basi nikaenda maktaba ya Kaloleni nikasoma kitabu kizima, na nikajua kwamba ndani ya sanduku la kompyuta kuna kadi inayopeleka picha kwenye skrini, na kwamba unaweza kuichomoa ya zamani ukachomeka nyingine na kompyuta ikabaki ile ile. Rafiki yangu Filsan ana dada anayeitwa Sahro, mwenye kibanda cha kutengeneza redio na kompyuta huko Majengo, naye ana kadi ya rangi pamoja na skrini yake, na amesema atanipa vyote viwili nikimtengenezea kadi za harusi yake, ambazo atazitoa kwa printa yake mwenyewe ya rangi, kama atakavyozitoa za wateja wetu baadaye. Nilifurahi hadi nikaondoka pale bila kuaga.

Jumapili tulipotoka kanisani nikamkuta Baba akipiga viatu rangi, chai iko kando, nikajikaza nikamwambia, "Baba, ile kadi ya Mama pale kwa mashine imezeeka, haina rangi. Naomba tuitoe, dada yake Filsan atupe nyingine." Baba akaacha kiatu. Akainua macho juu ya kompyuta, akasema, "Kadi ya mama yako haitoki. Ukiitoa hiyo, nitoe na mimi." Akaenda nje bila kumaliza chai, kiatu kimoja kinang'aa na kingine kina vumbi.

Siku iliyofuata Filsan akaniuliza kuhusu Baba, "Niaje, mbuyu amesema nini?"

Nikamwambia, "Ametoka nje tu, hata chai hakumaliza."

"Basi amekubali. Wazee wakikataa hupiga kelele."

Na Sahro aliponiuliza mwenyewe, "Mzee anajua? Mimi siingii nyumba ya mtu kama mwizi," nikaitikia kwa kichwa. Atakuja Jumamosi saa nane, Baba akiwa ameingia kazini kiwandani. Kuna jambo jingine pia. Nilichukua bisibisi ya Andati nikafungua sanduku peke yangu, nikaiona hiyo kadi, ina vumbi jingi, nikataka kulipuliza nikashindwa, kwa sababu vumbi hilo lilianza kuingia Mama akiwa hai.

Sasa sijui nifanye nini. Nataka watu warudi na kadi zijae mezani tena, lakini Baba amekataa, na mimi pia naogopa kwamba ile rangi ya machungwa ikienda, uso wa Mama utaenda nayo, na sijui kama kazi zake zote zimo ndani ya hiyo kadi. Je, nimzuie Sahro, au nimwache aiweke, ili Baba akirudi ayaone maua na anisamehe?

Mpole wa Kaloleni

*

Mpole,

Jina lako nimelificha na majina ya wengine nimeyabadilisha, lakini tusidanganyane: baba yako ataijua nyumba yake mara tu atakapofika kwenye ule mkokoteni.

Pole sana kwa kumpoteza mama. Barua yako nimeisoma mara mbili, na mara ya pili nilivua miwani nikaifuta. Sasa nimeivaa tena, na nina maneno nawe.

Kwanza, umesema uongo. Kuitikia kwa kichwa ni kusema, hasa kwa mtu anayeitwa ukuta. Sahro alikuuliza swali la heshima, nawe ukataka kumwingiza kwa mlango wa uongo katika nyumba ya mzee asiyemjua. Na huyo Filsan mwambie wazee wengine wakikataa hutoka nje na kiatu kimoja kichafu.

Pili, soma barua yako mwenyewe. Umeandika kwamba baba yako aliinua macho juu ya kompyuta. Binti yangu, kadi unayotaka kuichomoa imo ndani ya sanduku la chuma. Baba yako hajawahi kufungua sanduku hilo, na hakuna aliyemwambia kwamba kuna kadi humo. Kwa nini basi aangalie ukutani? Kwa sababu nyumbani kwenu neno kadi lina maana moja, na hiyo maana ndiyo aliyoitia kioo. Alimsikia binti yake wa pekee akisema kadi ya Mama imezeeka, haina rangi, itolewe, iletwe nyingine ya watu wa Majengo. Ningekuwa mimi nisingeimaliza hiyo chai pia. Umesoma kitabu kizima cha maktaba ukajifunza neno jipya, ukaja kulitumia kwa mtu aliyebaki na lile la zamani.

Kwa hiyo baba yako hajakataa kitu ulichomwomba. Bado hujamwomba.

Kuhusu mashine, nimemwuliza Bwana Mativo, anayetengeneza kompyuta zetu hapa ofisini. Anasema kadi ya picha haihifadhi kazi yoyote. Kazi za mama yako zimo kwenye diski, zitabaki hata ukibadilisha kadi mara kumi. Hata hivyo, zinakili kwenye disketi kabla ya kugusa kitu. Chomoa waya wa stima, usizime swichi tu. Vua sweta ya shule na ushike kwanza chuma cha sanduku, maana umeme mdogo wa mwilini huua kadi bila wewe kuhisi. Mwulize Sahro kama kadi yake ni ya zamani kama mashine yenu, kwa kuwa zile za siku hizi haziingii. Na humo ndani anasema kuna kiswichi kidogo kinachoiambia mashine kama skrini ni ya rangi au la. Msipokigeuza, itapiga mlio na kugoma. Kadi ya zamani ifungeni kwa karatasi muiweke pamoja na skrini yake. Baba akitaka ile ya machungwa irudi, inarudi kwa bisibisi.

Hilo vumbi lipulize. Mama aliyewaambia muoshe mikono kabla ya kushika kadi hangependa kuliona.

Sasa nikuulize jambo ambalo wewe na vitabu vyako hamjalifikiria. Mashine ile si ndiyo aliyochapia kadi ya shukrani? Utepe ndio ulioisha, maneno hayakuisha. Ule mstari ambao baba yako huuwekea pua kwenye kioo umo ndani mzima, tangu siku ile, kwa herufi za machungwa. Kabla Sahro hajagusa skrubu moja, kaa kwenye kigoda chako, mkalishe baba yako kwenye kiti cha mama, na umfungulie. Skrini hiyo ina kazi moja imebaki, ifanye ndipo ipumzike.

Ikiwa baada ya hapo baba atasema kadi ya ndani nayo isitoke, isitoke, na wewe uende Majengo kwa miguu yako ukamwombe Sahro radhi. Sidhani atasema hivyo. Lakini neno ni lake.

Leo ni Jumamosi, na kama ulivyosema, unasoma haya ukitembea. Sahro anakuja saa nane. Baba bado yuko nyumbani, anangojea gazeti lake. Usilikunje, usiung'oe ukurasa huu, usiliache kwa jirani. Ingia, mpe mkononi, na kabla hajalifungua mwambie, "Baba, si kadi ya ukutani."

Maneno matano tu. Hata ukuta unaweza kuyasema.

Shangazi Wacera