Mstari wa Mwisho

Mama,

Msalaba wako bado umeegemea ukuta wa jikoni, mahali ulipokuwa ukiweka kinu. Fundi alikwisha kuukabidhi. Nililikagua jina lako herufi kwa herufi, kama unavyonijua. Lakini kaburi lako, pale kwenye makaburi ya usharika, halina kitu ila udongo, na mvua zimeanza kuushusha. Nakuandikia kukueleza kwa nini, maana hukupenda jambo lifanyike nyumbani pasipo maelezo.

Uliondoka katika majira ya mgawo wa umeme. Chumba cha maiti hakikuwa na baridi ya kutosha, na mchungaji akaagiza jeneza lisifunguliwe kanisani. Mimi peke yangu ndiye niliyekuona, nilipoitwa kukutambua. Nilimwambia Baba kwamba ni wewe, na ulikuwa wewe. Lakini shahidi mmoja, hata akisema kweli, huacha mlango wazi. Ndiyo maana Torati ilidai wawili au watatu. Kwa mlango huo likaingia nyumbani kwetu neno ambalo usingeruhusu litamkwe mezani. Msukule.

Namsifu ndiye aliyelileta kutoka Manzese. Mdogo wangu huyo hajalala vizuri tangu tukuzike, nami simlaumu. Kuna mhubiri anayekusanya watu kwenye uwanja nyuma ya magereji, mwenye vipaza sauti vinavyosikika hadi barabara ya Morogoro. Hufundisha kwamba baadhi ya waliozikwa hawakufa: wachawi waliwachukua, wakawafanya watumwa wasioonekana, na kilichotiwa kaburini ni mgomba. Alimwambia Namsifu kwamba jeneza lisilofunguliwa ni dalili. Akamwonya tusisimike msalaba, kwa sababu ukishasimama njia yako ya kurudi itafungwa. Nilifikiri sana juu ya mafundisho hayo, ya Mkristo anayeogopa msalaba usije ukafunga njia.

Lakini Baba aliyasikiliza. Unakumbuka, alipopunguzwa kazini alikaa barazani mwezi mzima akikutazama ukipunguza suruali za mitumba, akasema sauti ya cherehani yako ndiyo iliyomzuia asichanganyikiwe. Basi alianza kumimina vikombe viwili vya chai asubuhi. Dirisha la chumba chenu likawa halifungwi usiku, na geti likilia tu, anasimama.

Asubuhi moja tulikuta kifuniko cha cherehani kimeondolewa na sindano imetiwa uzi mweupe. Namsifu alisema si yeye. Baba alisema si yeye. Mimi najua si mimi. Naandika ninachokijua, na zaidi ya hapo sijui.

Bi Mwanahawa, jirani yetu, aliniona nimesimama barazani na uso wangu wa darasani. Akasema, "Mwalimu, wewe Biblia umeisoma mpaka kurasa zimelegea. Ila baba yako hataki sura na mstari. Anamtaka mkewe." Kisha akaniletea bakuli la futari, kama alivyokuwa akikuletea wewe.

Hata hivyo nilimpa Baba sura na mstari, kwa sababu ndicho nilicho nacho. Nilimkumbusha Sauli, mfalme aliyemwendea mwanamke wa Endori ili aitiwe Samweli: alipata alichokiomba, akatoka akiwa ameanguka zaidi ya alivyoingia. Nikamkumbusha pia yule kijakazi wa Filipi aliyewafuata mitume akitangaza habari zao. Alisema kweli tupu, na bado Paulo alimnyamazisha yule pepo. Nikamwambia kwamba Maandiko hayaipimi roho kwa mambo inayoyajua, maana hata pepo walimjua Yesu ni nani kabla ya wanafunzi wake kumjua. Roho hupimwa kwa matunda inayoyaacha. Baba alinisikiliza hadi mwisho, akasema, "Umefundisha vizuri, Mwalimu." Halafu akaenda kufungua dirisha.

Tangu uondoke, Mama, desturi yako ya jioni imekoma. Sijapata kuiona katika nyumba nyingine yoyote: msomaji alikuwa akiishia kabla ya mstari wa mwisho wa sura, nawe ukaichukua Biblia na kumpa yule uliyemwona ana hasira moyoni. Hukumuuliza ana nini. Alipaswa kumalizia mwenyewe, na kama sauti haikutoka, tulimngoja. Sasa Baba husoma sura hadi mwisho, hufunga kitabu, tunakwenda kula. Hakuna aliyethubutu kushika nafasi yako. Lizingatie hilo, maana nitalirudia.

Siku moja Namsifu alirudi na habari. Mwanamke ameonekana Kiwalani akizunguka karibu na uzio wa uwanja wa ndege. Hajui atokako, na ana umbo lako na mwendo wako. Watu wa yule mhubiri walikuwa wamemchukua, na Jumapili alasiri angesimamishwa mbele ya watu ili Baba amwite kwa jina lako.

Nilikwenda nao. Nilijiambia kwamba nakwenda kumlinda Baba.

Walimpandisha yule mwanamke jukwaani. Mama, sikuwa tayari. Kwa mbali alikuwa wewe: bega la kushoto chini kidogo, kichwa kimeinamishwa kama anayesikiliza kitu chumba cha pili. Kabla ya kuketi alipangusa benchi kwa ncha ya khanga. Nilijiambia kwamba wanawake wengi hufanya hivyo. Ni kweli, hufanya. Lakini nilimwona Namsifu ameziba mdomo.

Mhubiri akamwamuru Baba aite. Baba akapanda polepole, akasimama mbele yake, akamtazama usoni. Kisha akatazama miguu yake. Ilikuwa imevimba, na viatu vya plastiki vimeingia nyamani.

"Mama," akamwambia, kama tunavyomwita mwanamke yeyote wa makamo, "umekula leo?"

Yule mwanamke akafikiri. "Jana," akasema.

Mhubiri akapaza sauti kwamba wametambuana, na uwanja ukalipuka kwa vigelegele. Baba akangoja makelele yapungue, akasogea kwenye kipaza sauti, akasema kwa sauti ileile aliyokuwa akiitumia ofisini.

"Sijamtambua. Ana njaa."

Akamshika mkono, akashuka naye. Nilikuwa nimemlea Baba kwa hoja kwa majuma mengi, na sasa nilimfuata nyuma kama mwanafunzi, nikiwa nimebeba viatu vya mgeni wetu. Nyuma yetu tuliitwa wasaliti wa damu yetu wenyewe. Namsifu alilia njia nzima hadi Temeke.

Yule mwanamke alikaa kwetu. Namsifu alimwogesha na kumkanda miguu kwa maji ya chumvi. Kwa kumgusa alijua mwili huo si wako, na tangu siku hiyo analala. Nilikuwa nimemwomba aamini neno la shahidi mmoja; yeye, kama Tomaso, alihitaji mkono wake mwenyewe, na akapewa. Mgeni hakusema mengi. Mchana alikaa karibu na cherehani bila kuigusa. Habari tulizipeleka makanisani na msikitini kwa Bi Mwanahawa, na hatimaye akaja binti wa mgeni wetu kutoka Mbagala, amekonda kwa kumtafuta mama yake. Mgeni wetu ni mgonjwa wa siku nyingi. Ugonjwa humpotezea kumbukumbu, akatoka asijue njia ya kurudi. Kumbe katika uwanja ule, sote tuliokuwa tukiuliza kama ni mama yetu, hakuna aliyeuliza ni mama wa nani.

Sasa nifike kwenye jambo lenyewe.

Jioni ya mwisho kabla ya kuondoka kwao, Baba alikuwa amefika Waefeso, sura ya nne, ile inayotuonya jua lisituchwee tukiwa na hasira. Alisoma bila kusita. Alipokaribia mwisho, yule mwanamke aliinuka, akaweka kiganja juu ya ukurasa, akaufunika mstari wa mwisho. Akaichukua Biblia mikononi mwa Baba. Akaiweka mapajani mwangu.

"Mpeni huyu amalizie," akasema.

Hakuna aliyekuwa amemweleza. Nimemuuliza Namsifu, nimemuuliza Baba, hata Bi Mwanahawa nimemuuliza, kwa utaratibu wangu wote. Katika siku alizokaa nasi desturi hiyo haikufanyika hata mara moja. Labda aliona uso wangu tu. Inawezekana. Lakini ni yeye aliyekuwa ameshika nafasi yako, Mama, na sauti yangu haikutoka. Walingoja. Baba alinitazama kwa huruma ambayo sikuwa nimeitarajia, na giza likatukuta hapo na mstari haujasomwa.

Ni wewe niliyekukasirikia. Sikulijua hilo mpaka kitabu kilipogusa magoti yangu. Uliniambia ni malaria ya kawaida. Ulinificha hali yako ili nimalize kusahihisha mitihani, ukakaa barazani ukishona hadi... Nami nikazijadili roho na Baba, na Sauli, na Filipi, kumbe jua lilikuwa likinichwea kila siku.

Binti yake alipokuwa akimwongoza kwenda getini, Baba aliingia jikoni. Akaufuta msalaba vumbi kwa shati lake mwenyewe. "Mwalimu," akasema, "kesho lete saruji. Yule ana watu wake waliokuwa wakimngoja. Wa kwetu naye amefika kwa wake."

Kifuniko cha cherehani nimekirudisha. Kikiondolewa tena sitauliza ni nani.

Kesho tutakuja, Baba, Namsifu na mimi, na Bi Mwanahawa amesema atakuja na udi wake. Msalaba utasimama. Mstari ule unazungumzia kusameheana kama tulivyosamehewa, nawe unaujua kwa moyo. Nitausoma mbele yako jua likiwa bado lipo juu ya minazi, hata kama watalazimika kuningoja. Pumzika, Mama. Safari hii sauti itatoka.

Mwanao