Soksi na Sweta ya Bibi

Wanangu,

Chai iko kwenye chupa, viazi viko sufuriani. Atakayetoka mwisho afunge dirisha la jikoni.

Soksi nimetoka naye, msihangaike kumtafuta uvunguni. Leo ndiyo siku ya mwisho ya chanjo na vibali vya paka. Kuanzia kesho paka asiye na kibati shingoni atahesabiwa hana mwenyewe, na watu wa manispaa watamchukua. Baba yenu alijaribu kumkamata asubuhi. Mtaiona mikono yake. Mpeni pole, na msicheke ~~kabisa~~ mbele yake.

Mnajua tangu bibi yenu afariki, paka huyu hakubali kushikwa na mtu. Basi nikafungua kabati la bibi, lile ambalo huwa nawagombeza mkiligusa, nikavaa sweta yake ya kijani. Nikakaa kwenye kiti chake, jua linaingia polepole kupitia pazia. Soksi akatoka, akaninusa mkono wa sweta, akapanda mapajani, akalala. Nikafumba macho. Kwa kitambo kidogo aliyekaa pale alikuwa mama yangu, na mimi nilikuwa mtoto, nimesimama mlangoni namwangalia.

Nimetoka na sweta hiyo hiyo, na joto lote hili, maana nikiivua tu atanikimbia.

Kwenye kibali, penye jina la mwenye paka, nitasema waandike ~~bibi~~ mimi. Wanataka aliye hai.

Nikirudi sweta itakuwa imejaa manyoya. ~~Dada mkubwa ailoweke.~~ Asiifue mtu.

Mama yenu