Jina la Aliyemuua Ghalibu

Yathrib, mwishoni mwa Ramadhani

Kwa baba yangu mpendwa, Mzee Dhirari wa Makka,

Asubuhi yako iwe njema, na ya mama pia. Mimi ni mzima. Jeraha la bega limeanza kukauka. Natumai kifua hakikusumbui.

Habari za vita vya Badri zimekwisha kukufikia. Kaka Ghalibu alianguka karibu na visima, sikumwona aliyempiga. Mimi nilitekwa.

Baba, tulikuwa karibu mara tatu ya jeshi la Yathrib. Tulikwenda na ngoma, mvinyo na waimbaji. Wao walipokezana ngamia, na kiongozi wao alishuka kama wengine zamu yake ilipokwisha. Walitutangulia kwenye maji. Walisimama bega kwa bega, na hakuna aliyetoka mstarini kutafuta sifa.

Nimekabidhiwa kwa mkulima wa mitende. Mimi ananipa mkate, yeye anakula tende. Nilimwambia, "Bwana we, chukua nawe kipande."

Akajibu, "Kula, Mkureshi! Mtume ametuamuru tuwatendee wema mateka. Unataka nimwasi kwa ajili ya tumbo lako?"

Mwanao mtiifu,
Mudriki

Makka, Shawali

Mwanangu Mudriki,

Salamu zimefika. Kifua changu ni kilekile. Mama yako haumwi mwili, lakini wakubwa wamekataza kilio, maadui wasije wakatucheka. Basi hujifunika shuka na kuuma pindo lake. Hapaki mafuta kichwani mpaka damu ya Ghalibu ilipwe.

Wakulima wamekufunga kamba, nawe unawasifu! Mkate wao umekulevya? Hata mwandiko wako umelegea.

Tumezuiwa kupeleka fidia kwa haraka. Wewe tafuta jambo moja tu: jina la aliyemuua kaka yako. Binamu zako wamekwisha kunoa panga.

Babako

Yathrib, Dhulkaada

Baba mpendwa,

Je, mmeamkaje? Bega langu limepona.

Msihangaikie fidia. Mateka ajuaye kuandika ataachiliwa akiwafundisha watoto kumi. Wameshinda vita, na badala ya dhahabu wanataka herufi! Sijapata kuona washindi wa namna hii.

Tunaandikia mchangani. Binti wa mwenyeji wangu ni mtundu. Jana alisema, "Mwalimu, herufi yangu ya nuni ina tumbo kama lako. Mkate umekukaa!" Wenzake walicheka hadi wakafuta somo zima kwa miguu.

Kuhusu jina, nitauliza.

Mwanao,
Mudriki

Makka, Dhulhija

Mudriki,

Sisi wazima. Mama yako amekonda.

Nimekuomba neno moja, nawe unanisimulia michezo ya watoto. Liandike. Usipoliandika, usikanyage kizingiti changu.

Babako

Yathrib, Muharamu

Baba yangu mpendwa,

Nakuombea wewe na mama afya njema. Watoto wote kumi sasa wanaandika, na jana niliachiliwa.

Aliyemuua Ghalibu nimemjua. Sikumtafuta; alikuja mwenyewe, akasimama mlangoni mwa darasa.

"Mwalimu, ni mimi niliyemuua kaka yako," alisema. "Hakunipa mgongo, alikuwa mwanamume. Mmoja wa watoto hawa ni wangu. Ukiona vigumu kumfundisha, nitamwondoa, nami nitawaambia wamhesabu kuwa amefuzu, usije ukachelewa kwenda kwenu."

Watoto wakaanza kunong'onezana. Kisha nikamwambia, "Mwache akae."

Akauliza, "Hutampiga?"

"Nitampiga akikosea," nikasema, "kama baba yangu alivyonipiga mimi."

Alicheka, kisha akalia waziwazi, maana hapa hawakukatazwa. Nami nililia, Baba. Nilimlilia Ghalibu mbele ya mtu aliyemuua, na hakuna aliyenicheka.

Nilikuwa nikidhani walitushinda kwa sababu ya visima. Sasa najua tungeshindwa hata kama maji yangekuwa yetu.

Mtoto wake aliandika jina la baba yake bila kosa. Mimi sitaliandika. Hutaweza kumtambua katika baba kumi, na panga za binamu zangu zitabaki alani.

Naondoka na msafara wa kesho. Mwambie mama. Nitabisha hodi bila kukanyaga kizingiti. Usipofungua, sitakulaumu, ninaijua njia ya kurudi Yathrib.

Mwanao,
Mudriki